Gari Lililosifiwa Mbele ya Wakwe

Mbele ya duka la Mama Kostansia, pale Newburg, kusini-mashariki mwa Louisville, kuna benchi refu la mbao lililotoka kanisani. Kanisa lilinunua viti vipya, benchi likatupwa, Kostansia akaliokota na kulishusha hapa, kati ya mlango wa duka na ukingo wa barabara. Mgongoni bado lina vishimo vidogo vya vikombe vya meza ya Bwana, na humo sasa tunachomeka vijiko. Tunaokaa hapo asubuhi ni watu wa zamu ya mchana, wale wanaoingia ghalani saa nane. Kahawa iko kwenye chupa nyekundu, inazunguka toka mkono hadi mkono, na maneno yanazunguka nayo. Bahizire tunamwita Jaji, kwa kuwa mahakama ilimwita mara moja awe mmoja wa raia wa kuamua kesi, ikamrudisha nyumbani kabla ya saa sita, na tangu siku hiyo anaamua kila kitu. Byamungu ni Mazutu, yaani dizeli. Aliendesha malori ya dizeli kati ya Uvira na Bukavu miaka kumi na moja, na siku hizi anatengeneza mashine za kunyanyulia mizigo. Theogene ni Mikro, kama kipaza sauti, msemaji wa kila harusi ya watu wa milima ya Kivu Kusini, kutoka hapa hadi Ohio. Rugaba, mdogo kuliko hao wote, hana jina la benchi. Gari lake linatosha.

Gari lenyewe lilikuwa limesimama mbele yetu: Chevelle ya mwaka 1970, milango miwili mizito, boneti ndefu kama kitanda, rangi ya kahawia inayokaribia wekundu. Rugaba alilinunua likiwa vipande chini ya turubai, kwa Mmarekani mmoja aliyestaafu pale kazini, akaliunga kwa majira matatu ya baridi. Tangu lilipowaka analiendesha kila siku: kazini, kanisani, kununua unga wa fufu. Analiacha nyumbani tu siku zile jiji linapomwaga chumvi barabarani kwa ajili ya theluji, maana chumvi inakula chuma. Na sasa ilikuwa Alhamisi, na Jumamosi gari hilo lilitakiwa liwe Whitehall, kule Columbus, mikononi mwa Mzee Karoli, baba yake Umutoni. Lisipofika, tarehe ya harusi ya Rugaba na Umutoni haitatajwa. Ujumbe huo ulikuja Jumatatu, kwa simu, kutoka kwa mama mkwe, kwa sauti ya upole kabisa.

Kosa lilikuwa la Mikro, na Mikro hakukataa. Wiki tatu nyuma alikwenda Whitehall na Rugaba na wazee wawili kuomba mke. Sebule ilijaa, viti viliazimwa kwa majirani, na ng'ombe wa mahari waliahidiwa kwa maneno, kama inavyofanyika siku hizi, kila upande ukijua kwamba wataletwa ndani ya bahasha. Mambo yalikwenda vizuri. Akina mama walipiga makofi. Ndipo Mikro, akiwa amepata moto, akataka kuonyesha kwamba nyumba ya kijana si nyumba ya kinyonge. Akasimama tena bila kuombwa. Akasema kuna ng'ombe mmoja hajatajwa, yuko nje, anaitwa Bihogo, jina wanalopewa ng'ombe wa rangi ile ya kahawia nyekundu. Akamsifu kifua, akamsifu mwendo, akasifu sauti yake inayoamsha mtaa mzima. Sebule ilicheka mpaka watu wakashika mbavu. Halafu msemaji wa upande wa pili akainuka, hakucheka, akasema kwamba kwao ng'ombe akisifiwa kwa jina mbele ya wakwe, harudi tena na waliomleta. Tumemsikia, akasema, tumempokea. Mzee Karoli akaitikia kwa kichwa mara moja, na jambo likawa limekwisha. Waliruhusiwa kurudi na gari Louisville kwa sababu tu walikuwa na kazi kesho yake.

Jaji alitaka kujua kwanza kama desturi hiyo ipo kweli ao imezaliwa pale pale Whitehall. Mikro akasema ipo, bibi yake aliisema. Halafu akasema labda bibi yake aliisikia kwa ng'ombe wa zawadi, si wa mahari.

— Bon, tuache desturi, akasema Jaji. Mi nataka kuelewa mtu. Muzee Karoli iko na permi ya kuendesha?

— Hapana, akasema Rugaba.

— Ashawahi kushika usukani?

— Hata wa baiskeli.

— Donc mtu asiyeendesha anataka gari. Sababu iko nje ya gari.

Kwa maoni ya Jaji, ule ulikuwa mtihani. Mzee anataka kuona kijana atatoa nini kwa ajili ya binti, na siku ya harusi atamrudishia funguo mbele ya watu wote. Alieleza vizuri, kwa vidole, mpaka Mazutu alipomuuliza itakuwaje kama mzee hajui kwamba ni mtihani.

Mazutu yeye aliona jambo la usalama. Alisimama akaenda kufungua mlango wa gari, akatuonyesha mkanda wa kiti cha nyuma: wa kiunoni tu, hakuna wa begani. Usukani hauna mfuko wa hewa. Breki za nyuma ni zile za kizamani, zikilowa unazisubiri. Mzee ana binti mmoja, akasema, na binti atakaa ndani ya hiki chuma na watoto. Hataki gari. Anataka litoke barabarani, kama vile unavyomnyang'anya mtoto kisu bila kumwambia kwamba ni kisu.

Hilo lilituingia kidogo. Rugaba alitazama mkanda ule kama mtu aliyeonyeshwa picha yake mwenyewe akiwa amelala. Akasema mikanda ya begani inaweza kuwekwa, kuna fundi kule Okolona. Mazutu akajibu kwamba anamfahamu fundi huyo, na kwamba mzee hamfahamu.

Mama Kostansia alikuwa mlangoni, anapanga mifuko ya dagaa, na alikuwa amechoka kusikia wanaume wakieleza kitu ambacho kwake kilikuwa wazi. Akauliza ni nani kati yetu amewahi kufika kwenye maegesho ya yale majumba ya Whitehall. Gari zote kijivu, akasema, kijivu na nyeupe, kijivu na nyeusi, huwezi kujua ya nani ni ipi mpaka ubonyeze ufunguo ilie. Kule milimani mtu alikuwa anatoka asubuhi, anasimama mbele ya nyumba, na mali yake inamwangalia. Kila mpita njia anajua huyu ni nani.

— Muzee anataka kitu cha kusimama mbele yake, akasema. Njo ile tu. Nyinyi munaongea mikanda.

Mikro akatikisa kichwa. Akasema kuna jambo hakutuambia. Siku ile walipoondoka Whitehall, Rugaba alipowasha gari, Mzee Karoli alitoka kwenye roshani ya ghorofa ya pili. Hakupunga mkono. Alishika chuma cha roshani akasimama, na Mikro, aliyekuwa amegeuka nyuma kwenye kiti, alimwona bado amesimama pale gari likiwa limeshafika kwenye taa za barabarani.

— Alikuwa anasikiliza, akasema Mikro. Hakuwa anatazama. Alifunga macho.

— Macho utayaona vipi toka kwenye taa? akauliza Jaji.

— Niliyaona mbele ya kufika pale.

Basi nadharia ya Mikro ikawa hiyo: mzee anataka sauti. Ile sauti nzito ya chini, inayoanzia kwenye miguu kabla ya kufika masikioni. Tangu alipotoka milimani hajasikia kitu kikubwa kikivuta pumzi karibu na dirisha lake. Atamwomba mjukuu aliwashe kila asubuhi, dakika tano, kisha alizime, na siku yake itakuwa imeanza.

Jaji hakukubali kushindwa na sauti. Alimimina kahawa, akaona chupa imekuwa nyepesi, akapunguza kwenye kikombe cha Mazutu, kisha akatoa nadharia yake ya pili, ambayo ilikuwa kubwa kuliko zote. Mzee Karoli analipeleka nyumbani. Litaingia kwenye kontena, litavuka bahari mpaka Dar es Salaam, litapanda treni mpaka Kigoma, litavuka ziwa mpaka Uvira. Hapo litafunguliwa. Milango itabebwa kichwani, magurudumu yatasukumwa, na injini ya silinda nane itapandishwa mlimani na wanaume wanane, kila mmoja na silinda yake moyoni. Kule juu litaungwa tena mbele ya nyumba ya baba yake Karoli.

Mazutu aliuliza pompu ya mafuta iko wapi kule juu.

— Ya nini? akasema Jaji. Haitatembea. Itakaa. Watu watakuja kuitazama.

Tulicheka wote, isipokuwa Rugaba.

— Ikikaa, inakufa, akasema.

Hakusema kwa sauti kubwa. Alikuwa anageuza funguo mkononi, akiwa ameinama.

— Wiki mbili tu ikikaa, mafuta yanaganda ndani ya kabureta. Mwezi, mipira inakauka, inaanza kuvuja chini. Miezi sita, panya wanajenga ndani ya viti. Yule aliyeniuzia aliisimamisha miaka kumi na tisa chini ya turubai, kwa sababu aliipenda sana. Alinambia mwenyewe: niliiua kwa kuipenda. Nikaapa mbele yake nitaiendesha. Sasa naipeleka Whitehall ikasimame.

Mazutu alithibitisha, kwa upole, kwamba ndivyo injini zilivyo. Mikro akamuuliza Rugaba kilichokuwa kinatusumbua wote tangu mwanzo, kwa nini hasa analipenda gari hili, linalokunywa mafuta kama shamba linavyokunywa mvua, wakati angeweza kuwa na la kijivu kama watu.

Rugaba alifikiri. Barabarani basi la shule lilipita tupu.

— Nilipokuwa na ile gari yangu ya kwanza, nikisimama kwenye pompu, mtu akisikia Kiingereza changu ananiuliza: unatoka wapi? Kila siku, mukubwa. Wapi hiyo? Kuna vita bado? Sasa nikisimama kwenye pompu, mtu anakuja mbio, muzee wa kizungu, mwingine analia kidogo, anasema baba yake alikuwa na ya namna hii. Na swali lake ni moja. Ya mwaka gani?

Akainua uso.

— Ya mwaka gani. Hilo ninaweza kulijibu.

Kostansia aliweka mfuko wa dagaa chini. Nafikiri hapo ndipo sote tulipoelewa kwamba Jumamosi ile haikuwa mchezo, kwamba kijana alikuwa anaombwa achague kati ya mwanamke anayempenda na njia yake ya kusimama mahali.

Ni wakati huo gari la abiria la kukodi liliposimama nyuma ya Chevelle, akashuka mama mmoja mrefu, kitambaa kichwani, koti zito la baridi ingawa hapa jua lilikuwa linawaka, na begi dogo la safari. Hakututazama. Alilitazama gari. Kisha akauliza kwa Kiswahili chetu kama hapa ndipo kwa Kostansia, na kama kijana anayeitwa Rugaba ni yupi.

Alikuwa Bamurange, dada yake Mzee Karoli, shangazi wa Umutoni. Anakaa Buffalo, kaskazini kwenye theluji, mtaa wa Kensington-Bailey, anahudumia wazee kwenye nyumba ya kuwatunzia. Alikuwa amesafiri kwa basi tangu jana, kwa sababu shangazi hawezi kumwona mkwe kwa mara ya kwanza siku ya watu wengi. Umutoni ndiye aliyemwambia kwamba asubuhi atampata kwenye benchi.

Tulisimama sote. Kostansia akamletea kiti chenye mto, na kahawa iliyobaki kwenye chupa ikaenda kwake bila mjadala. Aliinywa akiwa wima. Rugaba alimsalimu kwa mikono miwili, akamwita Shangazi, naye akamshika bega, akamgeuza kwenye mwanga, akamwachia.

— Nionyeshe ng'ombe, akasema.

Akalizunguka gari polepole, kama mtu anayenunua. Alipiga ubavu kwa kiganja akasikiliza. Aliinama kutazama chini. Alimuuliza Rugaba ng'ombe huyo anakunywa kiasi gani, Rugaba akasema anakunywa sana. Anatembea umbali gani kwa siku? Maili thelathini, arobaini. Analala wapi? Chini ya dirisha langu, Shangazi. Nani mwingine anamgusa? Hakuna. Kila jibu alilipokea kwa kuguna kidogo, akaendelea. Alipofika tena mbele, akaweka mkono juu ya boneti, akauliza swali la mwisho.

— Na atazaa lini?

Tulicheka. Yeye hakucheka, na kicheko kikatuishia mdomoni kimoja kimoja.

— Nauliza, akasema. Mimi nilipoolewa, baba yetu alikuwa amekufa. Karoli njo alipokea ng'ombe wangu. Mmoja alipozaa, ndama wa kwanza alirudi kwangu. Njo vile inakuwa. Ng'ombe wa mahari, ndama wake wa kwanza anarudi kwa nyumba ya binti, nyumba yake mpya isikose maziwa. Karoli aliniletea yule ndama yeye mwenyewe, siku mbili kwa miguu. Watoto wangu walikunywa hapo mpaka siku tuliyokimbia. Sasa huyu amepokelewa, sawa. Umutoni atarudishiwa nini?

Alitutazama mmoja baada ya mwingine. Mikro, anayejua kusema kwa saa tatu bila karatasi, alitazama viatu vyake. Mazutu alianza kitu kuhusu vipuri, akakiacha. Jaji akasema kwamba hilo linahitaji muda. Rugaba ndiye peke yake aliyekuwa anamtazama shangazi usoni, kwa namna ya mtu aliyesikia mlango ukifunguliwa nyumba ya pili na hajui kama ni kwa ajili yake.

Bamurange alitoa simu, akaiweka kwenye sauti ya wazi, juu ya boneti. Ililia mara nne. Mzee Karoli akaitikia kwa lugha ya kwao, naye akamkatiza.

— Ongea Kiswahili. Niko Louisville, niko na bakwe, wasikie.

Akamuuliza kama alivyotuuliza sisi. Kutoka Whitehall tulisikia televisheni, na mtoto akiuliza jambo kwa Kiingereza, na mlango.

— Nani amekutuma? akauliza mzee.

— Hakuna. Ndama wangu uliniletea, Karoli. Wa huyu mtoto utamtoa wapi?

Mazutu akainama kuangalia kama simu haijakatika. Rugaba alikuwa ameshika kioo cha pembeni cha gari kwa mkono mmoja.

— Huyo ng'ombe ni wangu, akasema mzee hatimaye. Alisifiwa, nikapokea. Neno halirudi.

— Ni wako. Hakuna anayebisha.

— Bon. Lakini mi siko na malisho hapa. Hapa ni saruji tupu, na wenye majumba wakiona gari halitembei wanalivuta kulitoa. Kijana amchunge. Amtembeze kila siku, asilale na njaa, asikae kwenye chumvi. Siku akizaa, ndama ni wa Umutoni.

— Na asipozaa?

— Aendelee kumchunga.

Mikro aliweka mkono mdomoni.

— Na Jumamosi? akauliza Bamurange.

— Jumamosi waje naye, nimwone. Tutataja siku ya harusi wakiwa hapa. Na wakifika chini, mwambie kijana asizime haraka.

Simu ikakatika. Mikro alimgeukia Jaji na kumtazama kwa muda mrefu, na Jaji akajifanya anatafuta kijiko.

Kostansia ndiye aliyeanza kupiga vigelegele, kisha Mazutu akampiga Rugaba mgongoni kwa kile kiganja chake cha fundi, na benchi zima likawa linasema kwa pamoja. Rugaba alicheka, akafuta macho, akacheka tena. Alitoa pochi mfukoni, akachomoa kile cheti cha gari kilichokunjwa mara nne, chenye jina lake, akakisoma kana kwamba hajawahi kukisoma. Halafu uso wake ukabadilika taratibu, akaonekana tena kama mtu anayetafuta jambo.

— Shangazi, akasema. Sasa hii gari ni yangu, ao ni ya muzee?

Bamurange aliwaza. Sisi pia tuliwaza. Jaji alisema kwamba kwa sheria ya Kentucky, halafu akaishia hapo hapo, maana alikumbuka alichokisema mzee, na hakujua mahakama ipi ingeweza kusikiliza vyote viwili. Kostansia aliinamisha chupa nyekundu juu ya kikombe, likatoka tone moja.

Saa saba ilikuwa imekaribia, na Rugaba alikuwa na njia ya kwenda ghalani. Bamurange hakungoja jibu la yeyote. Alichukua begi lake, akafungua ule mlango mzito wa abiria kwa mikono miwili, akaketi, akafunga mkanda wa kiunoni.

— Twende, akasema. Nimwone ng'ombe wa kaka yangu anavyotembea.

Rugaba akazunguka upande wake, akaingia, akakanyaga pedali mara mbili kama inavyotakiwa, akawasha.